Mabuu wa Zizini kwa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilikuwa mvuvi. Nikisema hivyo ofisini watu wanacheka, kwa sababu mtu akisikia Dodoma huwaza vumbi, zabibu na magari ya wabunge, hawazi samaki. Wacheke tu. Kijijini kwetu palikuwa na lambo la kunyweshea ng'ombe, na ndani ya tope la lambo lile waliishi kambare, na katika watoto wote wa kijiji hapakuwa na aliyewajua kambare wale kunishinda mimi, Sechelela, mtoto wa kike mwenye magoti meupe kwa vumbi.

Aliyenifundisha ni mama. Mama hakuwa mtu wa pale. Baba alimwoa kutoka Bahi, kwenye mbuga ya maji, ambako mtoto hujua kupara samaki kabla hajajua kusoma. Ukweni alikoolewa walikuwa wafugaji, watu wa maziwa, ugali wa uwele na mlenda, na samaki kwao kilikuwa chakula cha kuonja kwa adabu mgeni akileta. Mama alinionyesha namna ya kufunga ndoana kwenye mshipi na namna ya kukaa kimya pembeni mwa maji. Zaidi ya yote alinifundisha chambo. Mvua zikianza, tumia kumbikumbi. Ardhi ikilowa, chimba nyungunyungu. Mbuzi akifa, subiri siku tatu uchukue funza, ingawa hao wananuka na hawakai vizuri kwenye ndoana. Lakini kiangazi kikikaza, ardhi ikapasuka na nyungunyungu wakashuka kusikofikika, kinabaki chambo kimoja tu, nacho ni buu wa zizini.

Buu wa zizini ni mnene kama kidole gumba cha mtu mzima, mweupe, mwenye kichwa cha kahawia. Anaishi ndani ya samadi ya zamani, ile ya chini kabisa, ambayo hata mwezi wa kumi haikauki. Unamchoma nyuma ya kichwa, taratibu, asipasuke, maana kambare anafuata ule ute wake. Ukimtoa tu kwenye samadi anajikunja, kichwa kikaelekea tumboni, akatulia kiganjani kama hana habari. Mama alisema kwao Bahi watoto waligombana kwa ajili ya mabuu hao kuliko walivyogombana kwa ajili ya nyama.

Bibi yangu, mama yake baba, aliwaona mabuu kwa jicho jingine kabisa. Siku moja, kabla ya mambo haya, tulikuwa tunazoa samadi ya kukandikia nyumba, akamwokota buu mmoja na kuniwekea mbele ya macho.

"Mtazame. Amelalaje?"

"Amejikunja, Bibi."

"Nani mwingine analala hivi?"

Sikujua. Akanipiga kikofi kisogoni, kile cha mapenzi. "Mtoto tumboni, mjinga wewe! Unafikiri wewe ulilala umenyoosha miguu?"

Akanieleza. Ng'ombe wa zizi lile ndio walioiletea nyumba ile mke kwa mahari. Samadi ni yao, na buu anakua ndani ya samadi kimya kimya kama mtoto anavyokua ndani ya mama yake. Kwa hiyo nyumba ikiwa na mimba, zizi lake halichimbwi. Anayemtoa buu na kumpa samaki, amempa samaki mtoto wa nyumba hiyo. Nikauliza, kwa kuwa nilikuwa mtoto wa maswali, je, kama mtu amechimba kwa kusahau? Bibi akasema dawa yake ni ndogo. Aliyechimba aseme mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa, arudishe samadi shimoni kwa mikono yake, na mwenye mimba avuke pale mara moja. Basi, yamekwisha. Ila asiponena, hakuna dawa nyingine.

Nimerudia maneno hayo kichwani miaka mingi. Hakusema mchimbaji atapigwa wala atafukuzwa. Alitaka aseme tu.

Mwaka uliofuata mama akapata mimba, na mvua zikatukimbia. Uwele ulibaki mfupi kama majani ya mbuzi. Lambo likashuka mpaka likabaki tope katikati, na ng'ombe walilazimika kuingia mpaka magotini ndipo wanywe. Mama alikuwa anatapika kila kitu. Maziwa aliyarudisha, mlenda haukupita kooni, na ugali aliukatakata tu kwa vidole ili Bibi aone anakula. Jioni moja, akiwa ameegemea ukuta wa jikoni, aliniambia huku anacheka:

"Seche, leo ningepata hata kichwa tu cha kambare, ningekinyonya mpaka mifupa iombe msamaha."

Alikuwa anatania. Lakini mikono yake ilikuwa imekonda hata bangili zilipanda mpaka kiwikoni, na mimi ndiye mvuvi wa nyumba. Hakunituma. Alisema tu, na mimi nikasikia.

Siku tatu nilijaribu kwa tonge la ugali. Kambare hawakuligusa. Siku ya nne, alasiri, Bibi akiwa amelala uani baada ya kupepeta uwele na baba akiwa machungani, niliingia zizini na jembe la kipini kifupi. Nilichagua kona ya ndama, iliyo mbali na mlango, nikachimba mpaka samadi ikawa nyeusi na ya moto kidogo. Nilipata mabuu watano. Niliwaweka kwenye kopo na samadi kidogo juu yao, nikafukia fukia kwa mguu, nikaondoka. Nakiri kuwa mwiko niliukumbuka. Niliukumbuka vizuri sana, ndiyo maana nilichagua kona. Nilijiambia kwamba mama mwenyewe alishasema kwao buu ni buu.

Kabla jua halijazama nilikuwa na kambare wa urefu wa mkono wangu. Bibi alinipokea mlangoni.

"Chambo gani hicho kiangazi hiki?"

"Ugali, Bibi."

Alimtazama samaki, akanitazama mimi. "Kambare wa siku hizi wamekuwa wastaarabu," akasema, na akaenda zake kuchochea moto.

Mama alikula kichwa, akala mkia, akala na katikati. Akanywa mchuzi kwa sufuria. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumwona akila mpaka jasho likamtoka puani, na chakula kikakaa. Alinitazama mara moja, kwa muda mrefu, kisha akaendelea kula. Wallahi sijawahi kupika wala kununua chakula kilichonipa furaha kama ile. Nikarudi zizini mara nne nyingine.

Miguu ya mama ikaanza kuvimba.

Kwanza vifundoni, halafu mpaka magotini. Viatu vya raba vikamshinda. Akawa analalamika kichwa, na mara nyingine alisema anaona vimulimuli mchana kweupe. Bibi, ambaye alikuwa amezaa wanane na kuzalisha nusu ya kijiji, alimkanda kwa maji ya moto na kumpa mizizi ya kuchemsha. Baba alisema labda twende zahanati. Zahanati ilikuwa mwendo wa nusu siku, na baiskeli haikuwa na tairi la nyuma. Bibi akasema mimba ya mtoto wa kiume ndivyo ilivyo, inajaza maji. Baba akanyamaza, kwa sababu mwana hamfundishi mama yake uzazi.

Mimi peke yangu nilijua sababu. Ndivyo nilivyoamini. Kila nilipoona miguu ile niliwaona mabuu, na kila asubuhi niliamka nimeazimia kusema. Siku moja nilimfuata Bibi mpaka kwenye jiwe la kusagia.

"Bibi."

"Sema."

"Ndama mweusi anakohoa."

"Atapona," Bibi akasema, akaendelea kusaga.

Nilikuwa naogopa fimbo, ni kweli, lakini si fimbo tu. Ningesema, samaki wangekoma, na mama alikuwa anakula. Waswahili wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikuvunjika kitu. Mabaya yote yalikwenda kwa wengine.

Alishikwa na uchungu asubuhi, wakati tunakamua. Sikuruhusiwa kuingia, lakini kuta za tembe hazifichi sauti. Nilimsikia mama akilia, halafu sauti yake ikakatika, na nikasikia kitanda cha ngozi kikigonga gonga ukuta, kwa sababu mwili wake wote ulikuwa umeshikwa na degedege. Bibi aliita majina ya babu zetu, kisha akaliita jina la Yesu, kisha akamwita baba. Baba alikimbia kuazima mkokoteni wa punda. Aliporudi nao jua lilikuwa utosini. Mama alikuwa hai, hajitambui, na Bibi akasema asitikiswe na safari. Mtoto alikuwa wa kiume kama Bibi alivyosema, amekamilika, ana nywele nyingi, na hakulia hata kidogo.

Bibi mwenyewe alimzika, nyuma ya nyumba. Nilimwona akirudi na jembe, amejipaka vumbi mpaka kwenye kope, na alipita karibu yangu bila kuniona. Nilikuwa sijawahi kumwona Bibi akilia, na sikuwa nimejua kwamba mtu mzee akilia mabega yake hutetemeka kama ya mtoto.

Siku ya tano alikwenda zizini kuchukua samadi, na kule kwenye kona ya ndama mguu wake ukazama. Nilisikia akipiga ukelele mmoja tu. Tuliitwa wote uani.

"Nani kachimba?"

Baba akasema hajui. Bibi akanigeukia. Nakumbuka vidole vyake, vilikuwa na samadi mbichi, na kati ya vidole alikuwa na buu mmoja, amejikunja. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo.

"Ni mimi, Mama."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, ameshika ukuta kwa mikono miwili. Siku ile ndiyo kwanza alikuwa ameinuka kitandani.

"Wewe?" Bibi akasema. "Kwa miguu hiyo?"

"Kwa miguu hii hii. Nilitamani samaki. Nikachimba, nikampa mtoto akavue, hakujua nimetoa wapi chambo. Kwetu buu ni buu."

Angesema amekosa, angeanguka magotini, labda yangeishia pale. Lakini lile neno la mwisho, kwetu buu ni buu, lilimwingia Bibi kama mwiba. Mwanamke amekula mtoto wake mwenyewe kwa tamaa ya tumbo, na bado anajibu. Nilimtazama mama, naye hakunitazama. Baba aliinamisha kichwa. Na mimi nikafunga mdomo wangu.

Walisema aende kwao akapumzike. Hakuna aliyesema ameachwa. Kwetu jambo kama lile halitamkwi, linaachwa lijitamke lenyewe. Baba alimsindikiza na mkokoteni ule ule mpaka barabarani. Mama aliponiaga alinifunga vizuri kanga yangu shingoni, akasema, "Umsikilize bibi yako." Hakunikumbatia. Mwezi ukapita, kiangazi kikapita, mavuno yakaja, mama hakurudi, na mwaka uliofuata baba alileta mke mwingine, mwanamke mpole ambaye sina neno baya juu yake.

Bibi alinilea. Alinipa maziwa ya kwanza kabla ya mtu yeyote, akauza mbuzi zake nikaenda sekondari, na hakuniruhusu tena kukanyaga lambo. Katika miaka yake ya mwisho, macho yakiwa yamefifia, aliniuliza mara moja bila sababu, "Mama yako hajambo huko?" Nikasema hajambo. Akaitikia kwa kichwa. Pale pia nilikuwa na nafasi ya kusema, nikaiacha ipite. Alikufa akiamini alichoamini.

Na mimi niliamini mawili. La kwanza, kwamba nilimuua mdogo wangu. La pili, ambalo liliniuma zaidi, ni kwamba mama aliondoka kwa sababu hakuweza tena kunitazama. Kwa nini asingekuja kunichukua? Kwa nini hakunikumbatia? Nilipokuwa mkubwa tulionana misibani na harusini, tukaulizana habari za mvua. Alipopata simu alinipigia kila Jumapili. "Hujambo, mwanangu? Kazi inaendaje?" Dakika mbili, tumemaliza. Watu wawili wenye kitu kimoja kooni hawawezi kuongea sana.

Mwaka huu nimebeba mimba yangu ya kwanza, nikiwa na umri ambao wenzangu wanasindikiza watoto sekondari. Kliniki, hapa mjini karibu na Ipagala ninakoishi, nesi alinibonyeza mguu kwa kidole gumba na shimo likabaki kwenye ngozi. Akapima presha. Akaniuliza kama kichwa kinauma, kama naona vitu vinamemetameta. Maswali yale nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu, yakitembea kwenye ua wa Bibi. Nikamwomba anieleze yote, naye akanieleza polepole, binti mdogo mwenye subira, kwamba ni presha ya mimba, kwamba ikiachwa huleta kifafa, na mtoto akafa, na mama akafa. Kwamba ikiwahiwa, wengi wanapona wote wawili.

"Na kama mama huyo amekula samaki waliovuliwa kwa mabuu?" nikamuuliza.

Nesi akacheka. "Dada, nani kakudanganya? Samaki ni chakula kizuri, kula tu."

Waliponiruhusu kusafiri nilikwenda Bahi. Nilimkuta mama uani kwake, anapara perege kwa ajili ya kuwaanika, mabega yamelala, nywele zimekuwa mvi zote. Majirani walipita wakisalimia mbukwenyi, naye akawaitikia bila kunyanyua kisu. Nilimwamkia, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na nikayasema yote kwa mara moja, kabla sijaogopa. Kona ya ndama. Mara tano. Bibi kwenye jiwe la kusagia, na ndama mweusi aliyekuwa hana hata kikohozi.

Mama aliendelea kupara.

"Unafikiri sikujua?" akasema. "Mimi si ndiye niliyekufundisha? Kambare wa kiangazi anakula ugali tangu lini? Nilijua tangu kichwa cha kwanza, nikakila. Mwiko ule sikuuamini mpaka mtoto alipotoka bila kulia."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Mimi nilikuwa na kwetu pa kurudi, Seche. Wewe kwenu palikuwa pale. Mtoto wa kike aliyemuua ndugu yake, angeolewa na nani? Angekula na nani?" Akamgeuza samaki upande wa pili. "Nisingeweza kuja kukuchukua pia. Wangejiuliza kwa nini nakutoa. Hata kukukumbatia niliogopa. Ningekukumbatia, ungesema yote."

Nililia kama mtoto, kwa sauti, na tumbo langu lile. Miaka yote ile nilikuwa nimemchukia kidogo kwa kutonikumbatia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nilikuwa na wangu tumboni na bado sikuwa nimeujua. Nilipotulia nikamwambia yale ya kliniki. Nilikuwa nimeyabeba njia nzima kama zawadi. Nikamweleza miguu, kichwa, vimulimuli, kifafa. Nikamwambia haikuwa mabuu, mama. Haikuwa mimi, haikuwa wewe, Bibi alikosea. Ilikuwa ugonjwa, una jina, na una dawa.

Kisu kikasimama.

"Una dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Hata wakati ule?"

Sikutaka kujibu. "Hata wakati ule. Zahanati wangekupeleka hospitali."

Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kitenge, upande huu na upande huu, taratibu. Alikuwa hajalia siku ile uani kwa Bibi, wala barabarani, wala kwenye msiba wa baba. Nilikuwa nimefika nikitegemea kuona uso wake ukifunguka. Badala yake uliporomoka.

"Kumbe nilikutoa wewe kulipa deni la mdogo wako," akasema, "na hapakuwa na deni. Tulitengana bure, Seche. Bure kabisa."

Nilimshika. Hata leo, siku chache kabla ya tarehe niliyopewa ya kujifungua, bado nalisikia neno lile. Mwiko wa Bibi ulikuwa uongo, lakini mama alikuwa amejenga maisha yake juu yake: kwamba mtoto alikwenda kwa sababu, na kwamba yeye alitoa kitu kikubwa na kwa kukitoa akaniokoa. Usiku mwingi wa upweke aliulipia kwa wazo hilo. Mimi nikaja na ukweli wangu wa kliniki, nikamnyang'anya. Nikijitetea husema ilikuwa haki yake kujua. Labda. Lakini nilikwenda kule ili mimi nipumue, na nilipopumua, nilimwona mama yangu akiketi chini kwenye magamba ya samaki, mwanamke wa miaka sitini, akimlilia mtoto wake wa kiume kwa mara ya kwanza.